Kuchapa picha ya mwigizaji kwa ubao mmoja wa mpera

Mimi ni mchora vibao wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ukipita mtaa wa Kadutu ukaona kinyozi aliyechorwa akimnyoa mtu mwenye shingo ndefu, au mkono mkubwa ulioshika simu juu ya meza ya muuza uniti, huenda ni kazi yangu. Baba alikuwa seremala, yeye ndiye aliyenipandikiza mapenzi ya mbao. Rangi nilijifunza mwenyewe. Kwa hiyo siku nilipoziona kwenye simu picha za waigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ya Kijapani, zilizochapwa Japani zaidi ya miaka 300 iliyopita, sikuziona kama vitu vya ugenini. Niliona mkono wa mchora vibao. Baadaye nikasoma kwamba ndivyo ilivyokuwa. Torii Kiyonobu, mzaliwa wa 1664, alihamia Edo (ndio Tokyo ya leo) mwaka 1687 pamoja na baba yake Kiyomoto, aliyekuwa mwigizaji wa nafasi za kike na tena mchoraji wa vibao vya majumba ya michezo. Mtoto akaichukua kazi ya baba, akaipunguza ikaenea kwenye karatasi. Ukoo wa Torii uliendelea kuchora vibao vya kabuki mpaka karne hii ya 21.

Nafasi za kike zilichezwa na wanaume kwa sababu serikali iliwafukuza wanawake jukwaani mwaka 1629. Linaniuma kila nikilikumbuka, kwa maana aliyeanzisha kabuki ni mwanamke, Okuni, aliyecheza ngoma yake Kyoto mwaka 1603. Haya, turudi kwenye ubao.

Vijana wa kundi la michezo la parokia yetu huniomba mabango kila wanapotayarisha mchezo. Zamani nilikuwa nayachora moja moja, sita kwa usiku mmoja, na la sita lilikuwa limechoka kuliko la kwanza. Siku hizi nachonga ubao mmoja, nachapa mabango 40, na yote yanatoka na nguvu ileile. Naeleza hapa jinsi ninavyofanya, kwa vitu vinavyopatikana kwetu.

Anza na wino mweusi peke yake

Wanaokuja kujifunza huniletea picha zile zenye rangi 8 au 10, wanataka kufanya kama hizo. Hizo ni za baada ya 1765, wakati wa Suzuki Harunobu, ambapo kila rangi ilichongewa ubao wake na mbao zote zilipaswa kukutana palepale bila kupishana hata unywele. Usianzie huko. Kina Torii walikuwa na ubao mmoja wa wino mweusi. Picha nyingine ziliuzwa hivyohivyo nyeusi. Nyingine zilipakwa rangi kwa brashi, karatasi moja moja, kwa haraka. Mbao mbili tatu za rangi zilianza kuzoeleka miaka ya 1740 tu. Miaka hiyo yote ya katikati, mstari mweusi ndio uliobeba mchezo mzima, na mtu asiyejua kuchonga mstari hataokolewa na rangi.

Tafuta picha ya Torii Kiyomasu inayomwonyesha Ichikawa Danjūrō wa kwanza akiwa shujaa Gorō anayeng'oa mwanzi, katika mchezo ulioonyeshwa Edo mwaka 1697. Itazame polepole. Mapaja yamevimba, yakabanwa gotini, yakavimba tena kwenye kigimbi: Wajapani wenyewe waliita hiyo miguu ya kibuyu. Na mstari unaouzunguka mwili unanenepa, unakonda, unajikunja, unanenepa tena; huo waliuita mstari wa nyungunyungu. Danjūrō ndiye aliyeleta uigizaji wa kishindo, wa kukanyaga jukwaa na kukodoa macho, na watu wa Edo waliupenda mno. Mstari mwembamba wa kistaarabu usingeweza kumbeba mtu kama huyo. (Aliuawa mwaka 1704, akachomwa kisu na mwigizaji mwenzake mlemle ndani ya jumba la michezo.) Kabla hujagusa kisu, chora mguu wa kibuyu mara 30 kwa brashi na wino, mpaka mkono wako ujue wenyewe pa kukandamiza na pa kuachia.

Mchoro

Usichore mwigizaji anayetembea. Katika kabuki kuna dakika mwigizaji anapofikia kilele, anajifunga mwili wote, anageuza shingo, anatuliza jicho, huku mbao zikigongwa pembeni ya jukwaa. Dakika hiyo huitwa mie, nayo ndiyo ya kuchora. Nenda kwenye mazoezi ukaitafute. Katika mchezo wetu wa mwaka uliopita, ndugu mdogo wa mwami (mfalme) anakataa kuitoa ngoma ya baba yao. Anaikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ameutupa nyuma, kidevu kimegeukia begani. Nilimwambia kijana asimame hivyohivyo mpaka nihesabu 100. Alitetemeka magoti lakini alivumilia.

Usihangaike sana na kufananisha sura. Katika picha za mwanzo nyuso zote zinakaribia kufanana. Mtazamaji alimtambua mwigizaji kwa alama ya ukoo iliyo kwenye nguo yake. Alama ya kina Danjūrō ni miraba mitatu iliyoingiana, kama vipimo vitatu vya mchele ukivitazama kutoka juu. Sura halisi zilikuja miaka ya 1760 na Katsukawa Shunshō na wenzake. Kijana wetu ni fundi wa pikipiki, nikamwekea gurudumu lenye meno kwenye mkono wa vazi. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Chora kwa brashi na wino kwenye karatasi nyembamba kabisa, ile laini inayofungiwa viatu vipya dukani. Kalke, karatasi ya kunakilia ya wachora ramani, haifai, ikipata majimaji inajikunja. Na ujue kwamba mchoro huu utakufa: utabandikwa kwenye ubao na kukatwa pamoja nao. Ukitaka kumbukumbu, upige picha sasa.

Ubao na zana

Wajapani walitumia mcheri wa milimani. Mimi nimejaribu gurevilia (nyuzi zake ni pana mno, mstari unameguka), nikajaribu mwavoka (laini, unakubali kisu lakini hauchapi mara nyingi), nikaishia kwenye mpera. Mpera ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, na unapatikana kwenye viwanja vingi. Shida yake ni wembamba: ukipata gogo la kukupa ubao wa sentimita 15, shukuru. Lakini hebu ona, picha nyingi za waigizaji za karne ya 18 zilikuwa nyembamba hivyohivyo, takriban sentimita 33 kwa 15. Mtu mmoja amesimama, basi, hakuna nafasi ya kupoteza.

Mwambie fundi akupasulie libaya (ubao) kwa urefu wa gogo, si kwa kulikata vipande vya duara, unene wa sentimita 2 na nusu. Paka ncha mbili rangi ya mafuta ili lisipasuke, ulisimamishe kivulini kiangazi chote, Juni mpaka Agosti. Baba alikuwa akigonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mlio ukiwa butu, bado kuna maji. Kisha randa, kisha msasa mzito, kisha mwepesi, mpaka ukipitisha kiganja usikie kama bakuli.

Zana ni tatu. Kisu: mhunzi anakitengeneza kwa kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, kilichonolewa upande mmoja tu, ncha imelala kwa mshazari, mpini unaojaa kwenye ngumi. Patasi mbili, pana na nyembamba, za kusafishia sehemu tupu. Na vifereji vidogo ninavyotengeneza kwa mbavu za mwavuli uliokufa: ubavu wa chuma tayari una umbo la mfereji, unaunoa ncha tu. Jiwe la kunolea liwe karibu muda wote. Kisu butu hakikati mpera, kinaupasua.

Kubandika

Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uuchuje kwa kitambaa, uache upoe. Paka ubaoni kwa kiganja, kidogo sana, sawasawa. Shika mchoro kwa pembe zake na uulaze kifudifudi, ukianzia upande mmoja na kuisukuma hewa nje kwa ukingo wa mkono. Kifudifudi, nasisitiza. Ubao wangu wa kwanza kabisa niliuchonga kwa kuchora moja kwa moja juu ya mbao, nikachonga na jina la mchezo chini yake. Nilichapa mabango 12 kabla mpwa wangu hajaniambia, "Tantini, mbona maneno yanarudi nyuma?" Mchoro ukilala kifudifudi ubao unapata kinyume chake, na karatasi itakayochapwa inakurudishia sawa.

Uji ukikauka nusu, lowesha ncha ya kidole na usugue mgongo wa karatasi polepole. Itatoka kama vinyuzi vidogo. Endelea mpaka ibaki ngozi nyembamba tu na mistari ionekane wazi kama imechorwa kwenye mti. Tone moja la mafuta ya kupikia, lililosambazwa kwa kitambaa, linaifanya ionekane vizuri zaidi.

Kuchonga

Hapa usiwe na haraka. Mimi hutumia siku nne kwa ubao mmoja.

Shika kisu kwenye ngumi kama unayetaka kuchoma kitu, kidole cha mkono wa pili kikikisukuma karibu na ncha, na uvute kuja kwako. Kisu kisisimame wima. Kilaze kidogo ili mkato uende ukiachana na mstari kadiri unavyoshuka: mstari unaobaki unapaswa kuwa kama kilima chenye miguu mipana, si kama ukuta. Ukuta unavunjika siku ya kuchapa. Kata upande mmoja wa mstari, kisha rudi kata upande wa pili, kisha kata mkato wa tatu kwa mbali kidogo unaokutana na wa kwanza chini, kikatoka kijiti kirefu kama mkia wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kikitoka kizima bila kukatika, kisu chako ni kikali na mkono wako umetulia.

Anza na nguo. Mistari ya nguo ni mirefu na ina huruma, na siku ya kwanza mkono bado ni baridi. Uso uuache siku ya pili asubuhi. Katika karakana za Edo kazi hii ilikuwa na daraja zake: mchongaji mkuu alichukua uso na nywele, wanafunzi walipewa kusafisha sehemu tupu. Ukiwa peke yako wewe ni wote wawili, basi jipangie siku kama karakana.

Jicho la kijana wetu lilikuwa na upana wa punje ya mhindi. Mstari wa juu ni mnene, unapanda kuelekea kwenye nyusi. Wa chini ni kama uzi. Mboni imeegemea pembeni, karibu na pua, kwa sababu katika mie macho huvutwa. Nilianza na mboni yenyewe: mkato mmoja wa nusu duara kuizunguka, nikageuza ubao, si kisu, nikamalizia nusu ya pili. Ukikata mkunjo, daima geuza ubao. Kisha upande wa ndani wa mstari wa juu, kutoka pua kwenda sikio, kwa pumzi moja. Kisha wa chini, ambao ndio wa hatari, maana unakata kwa kuvuka nyuzi za mti, na nyuzi zikivukwa zinataka kuruka. Hapo nakata mara mbili kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Weupe wa jicho nikautoa kwa ubavu wa mwavuli, chembe kwa chembe, nikipuliza. Jicho moja lilichukua asubuhi nzima. Lakini bango likiwa limebandikwa mlangoni mwa ukumbi, watu waliokuwa ng'ambo ya barabara walijua kijana ametazama wapi.

Karibu na mistari, milimita 2 au 3 za kina zinatosha. Sehemu pana zilizo tupu zishushe zaidi, milimita 5 au 6, la sivyo karatasi mbichi italala chini na kuokota wino. Kabla hujamaliza, acha alama mbili kwenye ukingo wa ubao: kona yenye umbo la L chini kulia, na mstari mfupi chini kushoto. Wajapani wanaziita kento. Karatasi inaingia kwenye kona, inakaa kwenye mstari, na haipotei. Siku utakapoongeza ubao wa rangi, alama hizohizo ndizo zitakazokuongoza.

Wino na karatasi

Wino wao ulikuwa masizi na gundi ya wanyama. Wetu unaweza kuwa huohuo. Washa kibatari, weka sahani ya bati juu ya mwali, kwangua masizi kwa unyoya. Masizi hayapendi maji, yanaelea, basi yalegeze kwanza kwa matone machache ya kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Gundi: omba ngozi mbichi ya ng'ombe kwa muuza nyama, kwangua manyoya, itokose kwa moto mdogo bila kuchemka saa tano hivi, uchuje. Ikipoa inaganda, unaipasha moto unapoihitaji, na baada ya siku tatu inanuka, kwa hiyo tengeneza kidogo. Saga masizi na gundi juu ya kioo kwa jiwe laini mpaka usisikie tena mchanga.

Karatasi inataka maelezo mafupi tu. Ile ya dipulikateri ikilowa inararuka. Tafuta karatasi ya kuchorea isiyong'aa, yenye nyuzi. Jioni kabla ya kuchapa, zilowanishe kwa brashi, moja yenye maji na mbili kavu, moja yenye maji na mbili kavu, zifunge kwa plastiki na uweke ubao mzito juu. Asubuhi zote zitakuwa na ubichi mmoja: baridi shavuni, lakini hazina maji ya kuonekana.

Kuchapa

Wajapani husugua kwa bareni, kisahani cha kamba ya maganda ya mwanzi iliyozungushwa na kufunikwa kwa ganda. Mianzi ya Kahuzi iko ndani ya mbuga, haikatwi. Nasokota kamba ya mgomba mkavu, naizungusha kama mkeka mdogo wa upana wa kiganja, naishonea kwenye duara la kadibodi, naifunika kwa ganda kavu la mgomba lililopakwa mafuta kidogo. Mgongo wa mwiko pia unafaa kwa kuanzia.

Lowesha ubao, ufute. Dondosha wino na uji wa muhogo kiasi cha ncha ya kidole, uvisambaze pamoja kwa brashi ya viatu, mpya, uliyoilainisha kwa msasa. Uji unafanya weusi uwe sawa bila madoa. Laza karatasi kwenye kento, sugua kwa uzito wa bega, si wa kiwiko, ukienda huku na huku kutoka kichwani mpaka miguuni. Inua pembe moja utazame. Kama mstari una mvi, irudishe pembe, ongeza nguvu. Karatasi tatu nne za mwanzo huwa dhaifu kwa sababu mti bado una kiu; zitumie kujaribia rangi.

Rangi ya mkono

Rangi yao kuu ya mwanzo ilikuwa tan, rangi ya chungwa kali. Tan ni risasi. Usiitafute, usiiguse, hasa kama kuna watoto nyumbani; tena kwenye picha nyingi za kale imegeuka nyeusi. Milima yetu inatosha. Chukua udongo mwekundu, uchekeche, uukoroge majini, hesabu 20 taratibu, mimina maji ya juu kwenye chombo kingine na uache mchanga. Kesho yake tope lililotulia chini ni laini kama unga wa mtoto. Lichanganye na gundi ya ngozi. Njano naipata kwa manjano ya jikoni, ingawa jua huila upesi.

Paka kwa brashi pana na usiogope kuvuka mstari. Wao walivuka. Doa la rangi kwenye vazi, jingine kwenye ngoma, uso uache mweupe. Kwa nywele na mkanda, pitisha wino mweusi wenye gundi nyingi juu ya weusi uliokwisha kauka: utang'aa kama umelowa. Edo walifanya hivyo pia, wakanyunyiza na unga wa shaba.

Kutunza na kuziba

Baada ya kazi osha ubao kwa maji matupu, bila sabuni, uufute, uusimamishe kwa ubavu kivulini. Ukilazwa chali unapinda.

Mstari utameguka siku moja. Wangu ulimeguka kwenye kiwiko kinachoikumbatia ngoma, tukiwa tumechapa 31. Usitie gundi kwenye kibanzi ukadhani kitashika. Chimba kitundu kidogo chenye umbo la kabari kuzunguka sehemu iliyovunjika, kina cha milimita 5, chonga kijiti cha mpera uleule, nyuzi zikielekea upande uleule, ukiingize kwa gundi na nyundo ya mbao, ukiache usiku kucha. Asubuhi kishushe kwa patasi mpaka kilingane na ubao, chora mstari upya kwa brashi, uuchonge. Nilichapa 9 zilizobaki siku hiyohiyo.